Chumvi Katika Maji ya Vifaranga

Nyakasimbi, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Kokusima,

Umetoka asubuhi kwenda Bugene kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anamenya ndizi za watu ishirini ingawa tutakuwa kumi. Mimi nimekaa hapa nje ya mlango na kalamu, na kuku wako wamenizunguka wakidhani ninachomwaga kwenye karatasi ni mtama. Jogoo yule mwekundu amekwisha kunidonoa kidole gumba. Nimemwambia ajizoeze adabu, maana kesho mwenye kumdekeza hayupo.

Habari za safari sitakuandikia. Mama yako anazo zote: kanga zipi uvae, lori likipinda ushike wapi, ukifika Bukoba usile nini. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka saba. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichojifunzia kuandika, kule kwenye machimbo ya bati ya Kyerwa. Kinyambo changu kiko mdomoni. Nikikiweka kwenye karatasi, herufi zinagombana.

Juzi nilikuwa nyuma ya jiko nikifunga gunia la kahawa, nikakusikia unaongea na mama yako habari za Sista wa hospitali, yule unayekwenda kumfugia kuku. Ulisema, "Mama, Sista hajui kwamba niliwahi kuua vifaranga arobaini na tatu. Siku ya kwanza nitamwambia. Akitaka kunirudisha, anirudishe."

Mama yako akasema, "Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja."

Ukajibu, "Mkono ni uleule."

Gunia likanitoka, kahawa ikamwagika mavumbini, na mama yako akaja kunifokea kuhusu kahawa. Nilimwacha afoke. Nilikuwa sisikii.

Mkono wako hauna kosa, Kokusima. Vifaranga wale niliwaua mimi. Sasa nimeandika, na ukweli ni kwamba nimeinuka nikazunguka nyumba mara mbili kabla ya kurudi kukaa hapa.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana nusu ya habari hii huijui, na nusu unayoijua uliambiwa na mimi.

Mimi nilizaliwa kwenye ng'ombe. Wewe umezikuta fimbo tu zimechomekwa kwenye paa. Nilipokuwa na umri wako ule wa miaka kumi na mmoja, kazi yangu ilikuwa kunywesha. Kando ya kisima tulifinyanga kibumbiro, lile hori refu la udongo la kunyweshea ng'ombe. Kila asubuhi nilikikanda upya mahali palipokanyagwa, nikateka maji nikamimina, kisha babu yako alikuja na chumvi. Chumvi ile ilikuwa inatoka mbali na haikushikwa na mtu yeyote ila yeye. Aliikoroga kwa mkono wake mpaka kwenye kiwiko, akionja, akikoroga tena. Siku aliyoniruhusu kuikoroga mimi, nilijiona nimekuwa mtu mzima. Ng'ombe wakaja kwa zamu wakanywa mpaka matumbo yakawa kama ngoma, na babu yako akasema mbele ya wachungaji wenzake kwamba mkono wangu unajua kipimo. Neno lile nilitembea nalo miaka mingi kama mtu aliyevaa shati jipya.

Halafu mbung'o wakazidi, ng'ombe wakakonda, wakaisha. Mimi nikaenda Kyerwa kuchimba bati. Niliporudi nilipanda migomba na kahawa kama watu wengine wa hapa, na hiyo haikuniumiza sana. Kilichoniuma ni lile sanduku.

Unalikumbuka, sanduku la mbao lenye matundu, na ndani vifaranga hamsini wa kizungu wanalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Bwana Mifugo alilileta kwa gari la serikali. Alisema hawa ni kuku wa nyama, wanakua upesi, na mpishi wa machimbo atawanunua wote wakifika uzito. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyekuwa anakula kuku, sembuse kumfuga kwa kumtandikia. Baba yako mdogo Katabazi alikuja siku ileile, akachungulia ndani ya sanduku, akanitazama.

"Kaka," akasema, "siku hizi unachunga ndege?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikasema kuku ni wa msichana na mama yake, mimi simo. Basi ukakabidhiwa wewe. Ukawasha chungu cha makaa cha kuwapasha joto, ukatandika nyasi kavu, ukachukua mtungi ukashuka bondeni kuteka maji. Ulikuwa umefurahi mno, mwanangu. Ulikuwa unawaita kwa majina, wote hamsini, na ukiwachanganya unaanza upya.

Lakini mchungaji hawezi kukaa karibu na mnyama asiyenyweshwa kwa namna anayoijua yeye. Niliwafinyangia kibumbiro kidogo, urefu wa mkono wangu, nikakuambia hicho ndicho cha maji. Hilo watu waliliona, Katabazi akapata la kucheka wiki nzima. Lisiloonekana ni hili: kila alfajiri, kabla hujaamka, niliingia kule bandani nikatia chumvi ya ng'ombe katika kile kibumbiro. Kiganja kizima. Nikaikoroga kwa kidole kama nilivyofundishwa, nikaonja, nikaona kipimo ni kizuri. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa naona aibu kuonekana nawahangaikia ndege, na pia kwa sababu chumvi ilikuwa kazi ya mwenye mji, mkuu wa nyumba. Niliona fahari, Kokusima. Miaka yote ile bila ng'ombe, na sasa mkono wangu umerudi kwenye maji.

Na wao walikunywa! Walikunywa mpaka wakaingia ndani ya hori kwa miguu. Ulikuja ukaniambia, "Tata, wanakunywa hawashibi. Nimeteka mara nne na jua bado liko juu."

Nikakujibu, "Waache. Mnyama anayekunywa ni mzima."

Ng'ombe ndivyo alivyo. Sikujua kwamba ile ilikuwa kiu niliyoitengeneza mimi, na kila ulipowaongezea maji yalichanganyika na chumvi iliyobaki chini ya udongo, wakazidi kuwaka. Ukapanda na kushuka bonde lile na mtungi kichwani mpaka nyayo zikapasuka. Siku ya tatu manyoya yalikuwa yamelowa, matumbo yamevimba, wanayumba. Siku ya tano asubuhi walikuwa wamelala kando ya hori, midomo imeelekea majini.

Bwana Mifugo alikuja kwa baiskeli. Shangazi yako alikuwepo, Katabazi alikuwepo, na majirani waliokuja kuona mwisho wa ufugaji wangu. Bwana Mifugo akauliza kwa upole tu, "Nani alikuwa anawapa maji?"

Nikakuonyesha kwa kidevu. Sikuinua hata mkono. Nikasema, "Huyu. Aliwaacha wakakauka, alipoona kosa lake akawajaza mpaka wakafa. Msichana hana akili ya maji."

Uliniangalia. Uliangalia miguu yako iliyopasuka, ukaniangalia tena. Kisha ukapiga magoti ukasema, "Nisamehe, Tata."

Nami nikakusamehe. Mbele ya watu wote nilikuwekea mkono kichwani, nikasema yamekwisha, na shangazi yako akanisifu kwa upole wangu. Nikilikumbuka lile naona aibu mpaka kwenye kucha.

Katabazi ndiye aliyesema una kisirani cha maji. Unajua neno la namna hiyo likishatoka haliingii tena. Kwenye harusi ya binti wa shangazi yako ulinyanyua birika kuwanawisha wageni mikono, shangazi akalichukua mikononi mwako akampa mwingine, akitabasamu. Nilikuwa nimekaa pale na kahawa ya kutafuna mdomoni. Nikaendelea kutafuna.

Wakati ule nilikuwa bado naamini nilichosema, au nilijitahidi kuamini. Nilikivunja kile kibumbiro kwa jembe, nikakuachia wale saba waliobaki, nikasema sitaki kuwaona. Lakini wale saba ndio walionizuia usingizi. Kwa nini saba? Walikuwa ndio wadogo kuliko wote, wale wanaosukumwa. Mama yako ndiye aliyeniambia, bila kujua anachoniambia. Alisema wale wanyonge walikuwa hawafiki kwenye hori, wewe ukawa unawatenga kwenye kikapu na kuwanywesha maji ya mtungi kwenye jani la mgomba lililokunjwa, mmoja mmoja. Wale walionyweshwa na mkono wangu walikufa wote. Walionyweshwa na mkono wako waliishi wote. Hilo lilikuwa wazi mbele ya macho yangu, nami nikalifumbia macho.

Uhakika niliupata lilipokuja sanduku la pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chumvi yangu kiganjani, naam, nilikuwa tayari kurudia. Bwana Mifugo akauliza maji yatatoka wapi safari hii. Nikasema, "Kisimani, na chumvi kidogo kama kawaida."

Akaiegemeza baiskeli ukutani. "Chumvi gani, mzee?"

Nikafungua kiganja. Akasema, "Mzee, kifaranga si ndama. Hii kwake ni sumu." Kisha akageuka kukutazama wewe, ulikuwa kule unasugua kopo kwa majivu, na akaniuliza kwa sauti ya chini, "Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Yule bwana aliniamini, akapanda baiskeli yake akaenda. Ile ilikuwa miaka saba iliyopita kasoro miezi michache. Nilisema nitakuambia mvua zikiisha. Nikasema ukipata kipaimara. Nikasema ukimaliza shule ya misheni. Kila mwaka nilikuwa na sherehe ya kuisubiri.

Na wewe wakati huo unafanya nini? Mtu mwingine angeyachukia maji. Wewe uliyafuata. Najua unayajua haya kuliko mimi, lakini nataka ujue kwamba nilikuwa natazama.

Uliokota kopo la maziwa ya unga kule misheni, ukalitoboa kwa msumari karibu na mdomo, ukalijaza, ukalifunika kwa sahani ya bati, ukalipindua. Maji yakamwagika yote, nyasi zikalowa, mama yako akacheka. Ukakaa chini ukalitazama kopo lile mpaka jioni. Kesho yake ukatoboa jingine, tundu likiwa chini ya ukingo wa sahani, na safari hii maji yalitoka, yakapanda, yakalifunika tundu, yakasimama yenyewe. Kifaranga akinywa kidogo, kopo linaachia kidogo. Nilikuwa napita na jembe begani. Nilitaka kupiga kelele kama mtu aliyeona ng'ombe akizaa mapacha. Nikapita.

Ukaweka vijiwe kwenye sahani ili wasizame. Ukatandika matofali chini ya kopo, na kila walipokua ukaongeza tofali, sahani iwe usawa wa mgongo, wasichafue kwa miguu wala wasilowanishe nyasi. Siku ya kwanza uliyapasha maji joto la mkono, ukawachovya midomo mmoja mmoja ili wajue maji yako wapi. Kila asubuhi unasugua utelezi wote kabla ya kujaza, hata siku ya Pasaka. Sanduku lile la pili walikufa wawili tu. Mpishi wa machimbo alipowabeba alidhani wana umri mkubwa zaidi.

Halafu ule mwanzi wa kunyweshea. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote, na sijui kama wewe unaikumbuka kwa namna yangu. Ulikuwa umetoboa vifundo kwa chuma cha moto, ukakata madirisha membamba juu, kichwa kinaingia mguu hauingii, na debe lililofunikwa linalisha mwanzi mzima kwa tundu moja. Lakini maji yalikuwa yanakimbilia upande mmoja, upande wa pili unabaki mkavu. Ulikuja ukasimama mbele yangu, ukasema, "Tata, kule Kyerwa mlikuwa mnafanyaje mifereji ikae sawa?"

Hukuwahi kuniuliza neno kuhusu maji tangu siku ile ya magoti. Niliondoka na wewe. Nikatafuta chupa, nikaijaza nusu, nikailaza juu ya mwanzi, nikakuonyesha maji ndani ya chupa yanavyosema ukweli. Tukachimbia vigingi, tukainua huku, tukashusha kule, mpaka chupa ikatulia. Ukafungua debe. Maji yakaenda taratibu mpaka mwisho wa mwanzi, yakajaa sawasawa, yakakoma. Kuku sitini wakapanga foleni kama waumini. Tangu siku hiyo ulishuka bondeni mara mbili tu, asubuhi na jioni, badala ya kushinda njiani.

Ukaniambia, "Tata, labda kisirani kimetoka."

Ulikuwa unacheka. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika ile chupa. Neno lilikuwa hapa, kooni, lote zima, na tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Labda." Katika maisha yangu nimesema maneno mabaya mengi, Kokusima, lakini baya kuliko yote ni hilo "labda", hata kuliko siku ile ya kidevu. Siku ya kidevu nilikuwa mjinga. Siku ya chupa nilikuwa najua.

Nilichojifunza humo si kingi, na sitakuhubiria, Jumapili utampata padri. Nitasema tu kwamba chumvi haikuwa kosa langu kubwa. Asiyejua hajui, na ng'ombe walinifundisha walichokijua. Kosa lilikuwa kuitia alfajiri peke yangu. Ningeikoroga mchana mbele yenu, ungeuliza, "Tata, hiyo ni nini?" na kwa ule udadisi wako ungeonja, ungenibishia, pengine wangepona nusu. Kule uendako utakosea, maana utakuwa na vifaranga wengi, na wagonjwa wa hospitali wanaongoja mchuzi. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa lingali dogo unaweza kulibeba kwa mkono mmoja. Langu limenenepa miaka saba.

Na watakuja kwako wasichana wa kukusaidia. Siku vifaranga watakapokufa, na watakufa, kabla hujauliza nani alitoa maji, onja maji.

Sasa kuhusu Sista. Usimwambie wale arobaini na tatu. Hao ni wangu, nitawajibia mimi mbele ya atakayeniuliza, duniani na huko kwingine. Mwambie wale saba. Mwambie ulipokuwa na miaka kumi na mmoja uliwaokoa vifaranga saba kwenye sumu kwa jani la mgomba, bila kufundishwa na mtu, huku mzee wa mji akiwaua wengine kwa ujuzi wake. Akikuuliza kama una mkono wa kazi hii, usisite. Mimi nimewaona watu wengi wa kunywesha, tangu babu yako hadi wazungu wa machimbo na mifereji yao, na sijaona anayekupita. Naliandika hili nikiwa na akili timamu na bila lubisi, ile pombe yetu ya ndizi.

Nilikuwa nimekusudia kuikunja barua hii niifiche kwenye kikapu chako, chini ya kanga, uikute Bukoba. Uisome mbali, ulie mbali, unisamehe au usinisamehe mbali. Nilikuwa nimeridhika na mpango huo mpaka nilipofika hapa. Sasa nauona ulivyo: ni mimi tena, naingia bandani kabla hamjaamka.

Nilikulaumu kwa sauti, nje ya mlango huu, shangazi yako akisikia, Katabazi akisikia. Kesho asubuhi watakuwepo wote wawili, wamekuja kukusindikiza, na kabla ya kuondoka watataka kunawa mikono. Mama yako ataleta birika. Nitalichukua kwake nikupe wewe, na shangazi yako akinyoosha mkono kulipokea nitamwambia, "Dada, kaa chini," nami nitasimama niseme habari ya chumvi tangu mwanzo mpaka mwisho, huku ukiwanawisha. Katabazi atacheka. Acha acheke, nitamwambia anyooshe mikono vizuri. Ukitaka kunijibu lolote, jibu palepale mbele yao. Magoti kesho ni zamu yangu, ingawa haya yangu yanapiga kelele.

Nawasikia mnakuja, wewe na shangazi yako, mnapanda kilima. Wewe ndiye unayecheka. Nakunja karatasi naiweka mfukoni mwa koti, na haitatoka humo mpaka niwe nimemaliza kusema. Kwa hiyo, mwanangu, kama unaisoma, nimeshasema.

Mimi baba yako,
Kamuhanda